Mfereji umevunjika nikienda kumuaga mama

Leo asubuhi mfereji wa jikoni umenivunjikia mkononi, na mimi nimesimama tu nikiutazama.

Maji yanaruka mpaka ukutani. Begi langu liko mlangoni. Basi la Malindi linaondoka saa tatu.

Alfajiri ndugu yangu alikuwa amenipigia simu. Mama amefariki, anazikwa baada ya Laasiri. Nikamwambia sawa, kisha nikaenda kuosha vikombe.

(Ndiyo, vikombe. Msiniulize kwa nini.)

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Bi Rukia, jirani yangu wa chini. Hatujasemezana tangu Ramadhani.

"Maji yanamwagikia kitandani kwangu. Wewe huyaoni?"

"Mamangu amefariki," nikamwambia. "Na koki ya kufungia maji sijui iko wapi."

Ndiyo mara ya kwanza nimeyatamka maneno hayo. Yalitoka kama ninamwambia bei ya nyanya.

Bi Rukia alivua viatu. Akalikunja buibui, akapanda darini kufunga koki ya tangi. Aliporudi akanitoa mkononi tambara nililokuwa nimelishika bure.

"Nipe ufunguo. Nenda ukamuone mamako kabla hawajamtoa."

"Na kitanda chako?"

"Kitakauka, mwanangu. Nenda."

Sasa niko ndani ya basi, tumeshapita Kilifi. Nguo zimenirowa magotini na bado sijalia. Natazama minazi ikipita, basi.

Nyinyi mliokwisha kufiwa na mama, niambieni. Machozi huja lini?