Maji ya Fedha Yaliyokosa Rangi

Kidole cha pete cha Verlene Stroud kilivunjwa na mlango wa jiko la kuni, na aliyeubamiza mlango ule alikuwa mumewe, Royce. Hakuwa amelewa. Alikuwa ameulizwa swali tu: shira ya mahindi imekwenda wapi.

Kabla ya hapo kazi ya maji ya fedha, maji yenye madini ya fedha ambayo watu wa bonde waliyanywa kama dawa, ilikuwa ya Verlene. Shule aliiacha akiwa mdogo, akakua kwa kupasua kuni na kuchuna kulungu kama wasichana wengi wa milima ile ya Idaho, lakini maji yake aliyajua kama alivyoujua unga wa mkate wake. Alichemsha maji ya kisima akakusanya mvuke wake, akatia punje ya magadi, akatumbukiza nyaya mbili za fedha safi zilizofungwa kwenye betri. Nyaya zikishamaliza kazi yake, alidondoshea shira ya mahindi, ile inayopikiwa pai ya njugu, akayabandika kwenye moto wa pole. Yakianza kutoa mvuke bila kutokota, aliyashikilia hapo hapo. Yakitokota kwa nguvu yaligeuka matope ya kijivu, akayamwaga. Yakiwa baridi yalikaa tu yakimtazama. Yakipata joto lake, polepole yaliingia rangi ya manjano kama chai ya rangi isiyokolea. Asali alishaijaribu, ilifanya kazi lakini ikaacha ukungu. Sukari ya mezani ilimshinda kabisa. Aipike apendavyo, maji yalibaki vile vile.

Jumapili baada ya ibada, kina mama wa bonde waliinua mitungi yake ya kioo dirishani, wakaitazama ile rangi, ndipo wakaenda nayo nyumbani. Royce aliona wanavyomshika mkewe mkono na kumwita Dada Verlene. Akahamishia betri na nyaya bandani kwake, akafunga kufuli.

"Shira iko wapi, Royce?" Verlene aliuliza siku ile.

"Imeisha."

"Sasa unatia nini?"

"Sukari."

"Ya mezani? Hiyo haigeuzi maji. Fedha inabaki mbichi humo humo na watu wanainywa."

"Sukari ni sukari. Au siku hizi umekuwa daktari? Mtu hata maandishi ya chupa hayasomi."

Verlene aliingiza mkono kuchukua mtungi uliokuwa ukipashwa ndani ya oveni ya jiko aumwage. Ndipo mlango ulipofungwa.

Kilichomuuma zaidi ya kidole ni kwamba maji yale yalipendwa. Royce aliwaambia watu yake ni safi kuliko ya mkewe, hayana hata rangi, utadhani yametoka kwenye theluji. Mama yake mwenyewe, Opal, alikunywa kikombe kila asubuhi kabla ya kahawa. Kwanza ufizi wake uligeuka buluu, halafu kucha, na baada ya majira ya baridi ya pili uso mzima ulikuwa rangi ya jivu la jana. Daktari wa mjini alimwambia aache maji yote ya fedha, ya manjano na yasiyo na rangi, maana fedha ikishakaa chini ya ngozi haitoki. Bondeni hakuna anayemsikiliza daktari. Watu walitaka jina la mtu, na Royce akawapa.

"Ni yale ya Verlene ya zamani," alisema. "Yamekuwa yakimkaa mwilini miaka yote hiyo."

Walikuja asubuhi ya Jumamosi. Burl Hatcher, ambaye kucha za mkewe zilikuwa zimeanza kubadilika, aliingia na mpini wa shoka bila kubisha hodi. Mbwa alimrukia, Burl akampiga kichwani, mbwa akalala pale kizingitini asiinuke tena. Halafu akageukia rafu. Mitungi ya maharagwe, ya pichi, ya nyama ya kulungu, yote ilishuka sakafuni. Royce alisimama mlangoni akitazama. Nyuma yake alisimama Opal, amejifunga kitambaa hadi puani.

"Mama," Verlene alimwambia Opal, damu ikimtiririka kwenye kisigino kilichokatwa na kioo, "nipe nafasi ya kupasha sufuria moja tu. Mtungi mmoja wa Royce, utoke kwenye pikapu yake. Kama ni maji safi, shira haitayafanya kitu; kama yana fedha mbichi, yatageuka manjano. Yakibaki yalivyo, Burl anivunje mkono."

"Anapoteza muda," Royce alisema.

"Aache apoteze," Burl alijibu. "Muda ninao. Mpini pia ninao."

Burl mwenyewe alileta mtungi. Verlene alitoa chupa ya shira aliyoificha ndani ya pipa la unga, akadondoshea, akachochea moto. Mvuke ukaanza kupanda. Akavuta sufuria pembeni kidogo, akangoja. Maji yakaingia manjano, yakazidi, yakawa mekundu kama mate ya mtafuna tumbaku. Hakuwahi kuona yaliyokolea kiasi kile.

Burl aliinama akatazama. "Royce," alisema taratibu, "mke wangu amekuwa akinywa nini?"

Royce aliipiga sufuria teke, na maji ya moto yakamwagikia Verlene shingoni na kifuani. Verlene hakulia. Alishika kikaango cha chuma kwa mikono miwili akampiga mumewe kwenye taya, meno yakaruka kwenye maharagwe. Royce alipoanguka, akampiga tena kwenye goti. Alikuwa amekiinua tena kikaango Burl alipomkumbatia kwa nyuma.

Polisi wa kaunti alipofika alimuuliza Opal, kwa kuwa ndiye mkubwa pale.

"Amemvamia mwanangu," Opal alisema. "Bila sababu yoyote."

Polisi akamgeukia Burl. Burl alitazama viatu vyake, kisha akatazama mbwa, akasema yeye alikuwa nje.

Wakimpeleka garini, ngozi ya shingo ikimchubuka kwenye kola, Verlene alisimama mbele ya mkwewe.

"Umeiona rangi, mama."

"Nimeiona." Opal alishusha kitambaa, uso wa kijivu ukabaki wazi. "Lakini wewe nimekuzaa mimi?"

Verlene alifungwa. Royce alirudi kanisani taya limefungwa kwa waya, akaleta mitungi mipya. Kina mama waliiinua dirishani, ikang'aa manjano, wakamsifu kwamba safari hii ameipatia. Shira alikuwa akiinunua kwa katoni. Opal alichukua wa kwanza.