Maji ya Sukari Tu

Mpaka leo nikimsikia muuguzi anamwambia jamaa wa mgonjwa, "Usiwe na wasiwasi, haya ni maji ya sukari tu," damu inanichemka. Nimewahi kumvuta mwanafunzi wangu kwa mkono mpaka nje ya wodi kwa ajili ya maneno hayo. Msichana akalia, na wenzangu wakasema uzee umeniharibu. Si uzee. Hasira hii niliipata nikiwa kijana mwenye kofia nyeupe iliyopigwa wanga, katika hospitali moja ya Mahajanga, miaka ile ya mwanzo ya uhuru.

Sisi ni watu wa kisiwa cha Nosy Be, na asili yetu Ngazija. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili kilibaki kwa wazee, katika maneno ya dini na ya biashara, na mimi nimekipata sawasawa ukubwani. Kwa hiyo mazungumzo nitakayoyaandika hapa nimeyageuza. Matusi yangu nimeyapunguza makali.

Nilikwenda Mahajanga kusomea uuguzi. Mdogo wangu alinifuata baadaye, lakini yeye alipelekwa na ndoa. Aliolewa na kijana wa mtaa wa Tsaramandroso, mpakiaji wa malori yanayopita Belobaka kwenda bara, wakakaa nyumba moja na mama wa huyo kijana. Mavyaa huyo alikuwa mwanamke mnyoofu, wa kusali sana na kusema sana. Mwaka uliotangulia mdogo wangu alijifungua mwanzoni mwa Ramadhani, kwa hiyo hakufunga, na kwa sababu ya kunyonyesha hakuwahi kulipa. Ramadhani iliyofuata, wageni wakiwa wamekaa mkekani, mavyaa alimtania: "Huyu mkwe wangu msimkopeshe kitu, Mungu mwenyewe anamdai." Watu wakacheka. Mdogo wangu naye alicheka, kisha akaniambia jikoni kwamba liwalo na liwe, mwaka huu haongezi deni.

Ramadhani ile iliangukia katika mvua kubwa, wakati mbu wa Mahajanga hawamhurumii mtu. Akashikwa na homa. Akaificha. Alitwanga, akapika, akambeba mwanawe mgongoni, huku meno yakigongana, na kila akiulizwa alisema ni uchovu. Mficha maradhi kilio humfichua: walipomleta hospitali kwa pusipusi, kile kigari kinachokokotwa na mtu, alikuwa anaongea na mama yetu, na mama yetu alikuwa Nosy Be.

Malaria ilikuwa inampanda kichwani. Daktari, Mfaransa mmoja kati ya wale waliobaki baada ya bendera kubadilishwa, aliandika kwinini ndani ya chupa ya dripu, iingie polepole mshipani. Wodi ya wanawake haikuwa yangu, mimi nilikuwa wodi ya wanaume, lakini niliomba nimwekee mimi. Nilisoma karatasi ya chupa nilipoichukua, nikaisoma tena nilipotia dawa, nikaisoma tena nilipoitundika, kama tulivyofundishwa. Nilitoa hewa yote kwenye mpira wa dripu. Niliutafuta mshipa wake kwa ncha ya kidole, mshipa wa mkono ule ule niliokuwa nikiushika tukivuka barabara tukiwa wadogo, na sindano ikaingia mara ya kwanza. Kisha nikakaza kile kibano cha skrubu kilichobana mpira, nikalegeza kidogo, nikakaza tena, saa mkononi, mpaka matone yakaanguka kwa mwendo niliotaka.

Mwendo ndio dawa yenyewe. Kwinini ikisimama, malaria inaendelea na kazi yake. Ikikimbia, inaudhuru moyo, inaangusha presha, inaziba masikio. Haya niliyajua mimi, aliyajua daktari, na aliyajua sista mkuu wa wodi. Watu watatu, sote wenye nguo nyeupe. Aliyekaa na mgonjwa tangu asubuhi mpaka jioni hakuwa yeyote kati yetu. Alikuwa mavyaa wake, kwenye kigoda, tasbihi mkononi.

Mchana nilipopita kumwangalia nilikuta chupa haikupungua. Nikatazama mkono, haukuvimba. Nikafuata mpira kwa vidole, haukujikunja popote. Nikagusa kibano: kimekazwa mpaka mwisho. Nililegeza, nikahesabu matone upya, nikamgombeza mhudumu aliyekuwa akipiga deki karibu na kitanda. Maskini yule mwanamke aliapa hajagusa kitu. Mavyaa alikuwa pale pale, macho yake chini, midomo inacheza na tasbihi. Alasiri nikapita tena, na kibano kimekazwa tena. Nililegeza tena, na safari hii nikaenda kwa sista mkuu, naye akaniuliza kwa Kifaransa chake kisafi kama nina hakika ninajua kufunga na kufungua skrubu. Nilirudi kwa wagonjwa wangu kwa hasira, na wala sikuwa nimefika nusu ya hasira ya siku ile.

Adhana ya magharibi ilisikika wodini kutoka msikiti wa jirani. Jamaa wa wagonjwa walitoa tende na uji kwenye vikapu vyao. Mimi pia nilikuwa nimefunga, nikachukua kikombe changu cha uji nikaenda kufuturu karibu na mdogo wangu.

Mavyaa alikuwa amesimama juu ya kigoda. Ameishika chupa kwa mikono miwili, ameiinua juu ya kichwa chake, machozi yanamtoka na huku anatabasamu. "Bismillahi," alikuwa akisema, "kunywa mwanangu, siku imekwisha, kunywa." Kibano kilikuwa kimefunguliwa chote. Hapakuwa na matone tena. Kwinini ilikuwa inashuka kama uzi.

Kikombe sijui nilikiangusha wapi. Niliukunja mpira nikaubana kwa vidole, nikakaza kibano, nikamshika mdogo wangu mkono. Alikuwa amelowa jasho baridi, na mapigo yake nayapata na kuyapoteza. Alifungua macho akaniangalia. "Dada," alisema, "mbona mnanong'ona?" Nami nilikuwa napiga kelele wodi nzima ikinisikia.

Nilimtukana mavyaa wa mdogo wangu. Kwetu mtu hamtukani mama wa mume wa nduguye, hata akikutemea mate. Nilimwita mwuaji. Nilimwita mengine. Alishuka kwenye kigoda polepole, bado ameikumbatia chupa, akasema, "Mwanangu, nilikuwa namfuturisha."

Daktari aliitwa, akafanya kazi yake, na sina la kusema juu ya kazi ya mikono yake. Mdogo wangu alipona. Mapigo yalitulia, chupa nyingine ikatundikwa, kibano kikalindwa na mimi mwenyewe, na baada ya siku kadhaa homa ikamwachia. Masikio ndiyo hayakurudi sawasawa. Alisema yamejaa nyuki. Nyuki walipungua, lakini hawakuhama, na tangu hapo ukitaka akusikie lazima upaze sauti.

Asubuhi ya pili yake daktari alisimama mlangoni, akaniita mbele ya wauguzi wengine. Aliagiza jamaa wote watolewe wodini. Kisha akaniambia: "Waelimishe hao watu wako." Nilimjibu ndiyo bwana, kwa sababu ndivyo tulivyojibu, uhuru au si uhuru. Jamaa walitolewa. Kufika mchana wodi nzima ilikuwa inanuka, wagonjwa hawajala wala kuoshwa, kwa maana hospitali ile haikuwa na mpishi wa kutosha wala mikono ya kutosha, na jioni sista mkuu akawarudisha kimya kimya kwa mlango wa nyuma.

Mavyaa hakuingia nao. Alikuwa ananisubiri ukumbini, buibui limelowa mvua. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima tayari kifuani.

"Mdogo wako aliniomba," alisema. "Akili ilipomrudia asubuhi aliniuliza anatiwa nini. Mimi sijui. Nikamfuata daktari, nikamwuliza: hiki mnachomtia mwanangu ni nini? Akaniambia, maji ya sukari tu, mama. Nikarudi nikamwambia, ni maji ya sukari. Akaanza kulia. Akasema, mama, wananilisha mchana, nifungie maji haya mpaka magharibi. Nikamfungia. Ningejua mle mna dawa, mkono huu ungekatika kabla haujagusa."

"Mgonjwa hana saumu!" nilimwambia. "Hilo hukulijua?"

"Nalijua. Nilimwambia. Yeye akasema, nimeshachoka kuchekwa." Alikuwa anajua ni nani aliyewafanya watu wamcheke.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto. Basi yule mama aliuliza. Mtu pekee katika hospitali ile yote aliyefanya jambo la akili siku ile alikuwa yeye. Alimwuliza mwenye kujua, akajibiwa kama kuku anayefukuzwa. Ukimwambia mtu kwamba kilichomo chupani ni chakula, atakifanya kama chakula: atakizuia wakati wa kufunga na atakitoa wakati wa kufuturu, na akiwa na mapenzi atakitoa kingi. Nilitaka kuendelea kumchukia na sikuweza, na hilo nalo lilinikasirisha.

Nilikumbuka darasa letu. Mwalimu alikuwa akikunja vidole: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. Tulichemsha mabomba ya sindano, tulinoa sindano zenyewe kwenye jiwe, tuliadhibiwa kwa kiputo kimoja cha hewa. Hakuna aliyetufundisha kumwambia mgonjwa kinachoingia mwilini mwake, kwa lugha anayootea ndoto. Kwao mgonjwa alikuwa mkono. Mkono una mshipa, hauna masikio, hauna dini, hauna mavyaa.

Mvua zilipokwisha, mume wa mdogo wangu alimpeleka yeye na mtoto kwa mama yetu Nosy Be, akapate nguvu. Mimi nilipata likizo wakati wa jua kali. Nilipanda lori hadi Antsahampano, nikavuka kwa boti pamoja na magunia ya mchele, na njia nzima nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomkuta amenenepa. Mama alikuwa ameniambia kwa salamu kwamba hali yake ni nzuri.

Nilimkuta uani anachambua mchele, shingo imechongoka, midomo imekauka. Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Nikapika wali, nikapika mataba, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kutiwa nazi nzito, chakula alichokuwa akinililia akiwa mdogo. Nikamwekea mbele yake, mchana kweupe.

"Nimefunga," alisema.

Nilifikiri hakunisikia. Nikapaza sauti nikasema, kula. Akarudia: amefunga, analipa siku zake.

"Nani kakulazimisha? Mavyaa wako yuko Mahajanga, hapa nani anakudai?"

"Hakuna mtu, dada."

"Basi kula! Umekuwa ukuni!"

"Zile za uzazi nimemaliza," alisema, kwa ile sauti yake mpya ya mtu asiyejisikia anavyosema, kubwa kuliko inavyohitajika. "Hizi ni zile ulizonilisha wewe."

Nilisimama. Majirani wa pande zote mbili walikuwa wamenyamaza kusikiliza, na mama alitokea mlangoni akarudi ndani. Nilimwambia sikumlisha, nilimtibu. Akasema ndani mlikuwa na sukari, hata daktari alisema. Nilimwambia sukari ile ilikuwa gari tu la kubebea dawa. Akasema gari au si gari, iliingia mchana. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, maana ukimsemesha yeye huwezi kukasirika kwa sauti ya chini: nilimwambia bila mimi kulegeza kile kibano mara mbili, bila mimi kukikaza ile jioni, angekuwa ardhini na mwanawe yatima.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ningekufa. Najua, dada. Ningekufa ingekuwa nimesamehewa zote." Aliweka ungo chini, akaniangalia bila ubaya wowote. "Ila niko hai. Aliye hai analipa."

Nilikuwa na hasira tu, na sahani ya chakula. Nikakaa chini mbele yake nikaanza kula. Nilikula kwa makusudi, matonge makubwa, nikimkazia macho, nikitaka aione nazi inavyoning'aa vidoleni. Nilikula mpaka tumbo likauma, nikaendelea. Hakugeuza uso. Mwanawe alikuja akikimbia, nikamtia tonge mdomoni, akacheka, naye mama yake akacheka pia.

Sahani ilipokwisha aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda mtungini, akarudi na kata ya maji. Akapiga magoti mbele yangu, akaninawisha mikono.