Usingizi Niliourudisha Kibondo

Siku ile tulikuwa tunapura maharage nyumbani kwetu Burundi. Mume wangu, Zakaria, alipiga kwa fimbo, mimi nikipeta. Tulibishana kama mvua ingetukuta kabla hatujamaliza.

Jioni watu wenye bunduki waliingia kilima cha jirani. Tukakimbia na nguo tulizovaa.

Njiani kuelekea mpaka tulilala porini kwa zamu. Anayekesha alishika pindo la nguo ya aliyelala, ili hatari ikija avute bila kutoa sauti.

Karibu na mpaka, Zakaria alivuta.

Niliamka nikakimbia. Milio ikafuata. Kitu kikanichoma pajani.

Nyuma yangu sikusikia hatua zake.

Wakulima wa upande wa Tanzania walinibeba kwa machela, nikafikishwa hospitali Kibondo. Nilipewa kitanda na shuka safi, lakini usingizi haukuja. Toroli la chakula likigonga mlango, niko chini ya kitanda, jeraha linavuja. Daktari alinieleza kwa upole kwamba presha yangu iko juu mno kwa upasuaji, na jeraha limeanza kuoza. Nisipopata kulala, presha haitashuka, na naweza kuupoteza mguu.

Kwenye kitanda cha pili alilala Bibi Anastazia wa kijiji cha Kitahana, aliyevunjika paja. Mguu wake ulivutwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga. Yeye alisema Kiha, mimi Kirundi, tukaelewana.

"Mbona hulali, mwana wanje?" aliuliza, akiniita mwanawe.

Nikamweleza habari ya pindo. Akanyoosha mkono.

"Lete hilo pindo."

"Bibi, wewe hata kukaa huwezi. Wakija utafanya nini?"

"Nitapiga kelele mpaka Kitahana wasikie. Na sitakutoroka, si unaona nilivyofungwa kama mbuzi?"

Nilicheka. Nesi akavisogeza vitanda vyetu. Ilikuwa mchana, wodi imejaa wageni, na sikumbuki nilivyofumba macho.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mwenye toroli aliamriwa aliache nje na kubeba sahani mkononi. Nesi alipoleta vidonge, bibi alimzuia.

"Ukimwamsha huyu, nakung'ata."

"Bibi, kwani una meno mangapi?"

"Sogea uyahesabu."

Niliamka asubuhi. Pindo lilikuwa bado mkononi mwake, macho yake mekundu. Nikashika pindo la shuka lake, nikamwambia sasa ni zamu yangu. Alikoroma hadi wodi nzima ikacheka.

Tuliendelea hivyo, na presha ikashuka. Risasi ikatolewa. Nilitoka hospitalini kwa miguu yangu miwili, nikichechemea, na wanawake wa wodi ile wakanipigia vigelegele kama bibi harusi. Bibi Anastazia alivipiga kwa sauti kuliko wote.

Sasa naishi Kasulu, nalima mwenyewe. Sijui Zakaria alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Nilimlilia kwa mara ya kwanza wodini, baada ya usingizi ule. Kabla ya hapo nilikuwa nimejiweka tayari kukimbia tu, na mtu wa namna hiyo hapati nafasi ya kulia.

Wale wenye bunduki walininyang'anya mume na nyumba. Mimi niliwanyang'anya mguu wangu na usingizi wangu. Nikipima, walichochukua ni kikubwa zaidi, wala sidanganyi. Lakini kila ninapoamka nimelala vizuri, najua kuna kitu walikitaka na hawakukipata.