Kidole Gumba na Nyumbu wa Angani

Ndiyo, nacheza gemu. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya wanangu, mbele ya kikundi cha akina mama wa kanisa, na mwishowe mbele ya daktari, ambako kukana kuliniponza. Niliwahi hata kuandika makala gazetini, yenye maneno mazito ya chuo kikuu, nikieleza jinsi michezo ya skrini inavyowageuza watu wazima kuwa vifaranga wanaodonoa mwanga wakidhani ni mtama. Nilipongezwa. Mchungaji alisoma kipande chake kanisani. Juma hilo hilo nilikuwa Kisaju, nadonoa.

Kisaju iko kwenye barabara ya Namanga, kusini mwa Kitengela tunakoishi, mbali kiasi cha kutosha mtu asikutane na kikundi cha kanisa. Kuna hoteli ya nyama choma pale. Mwenyewe ni mama wa Kimaasai aliyenizidi umri kidogo, mwenye mashamba, malori ya mchanga na kauli fupi. Namwita Yeyo, yaani mama, kama wanavyomwita wote; yeye huniita Mwalimu, ingawa niliacha kufundisha zamani. Mkwewe alimletea mashine kuukuu ya gemu, kabati refu la mbao lenye skrini, kijiti cha kuelekezea na kitufe cha kufyatulia, kutoka jumba moja la burudani lililofungwa Nairobi. Alidhani itavuta wateja wenye watoto. Watoto waliitazama mara moja wakarudi kwenye simu zao. Yeyo akaamuru ing'olewe kile kinywa cha kumeza sarafu, akaisukuma kwenye kona karibu na masinki ya kunawia mikono. Mimi nilikwenda kunawa mikono.

Mchezo wenyewe ni wa kizamani. Viumbe wa angani wamepangwa safu juu ya safu. Wanakwenda upande mmoja kwa pamoja. Wakigusa ukingo wa skrini, wanashuka hatua moja na kugeuka. Wewe uko chini na chombo kimoja kidogo, unasogea kushoto na kulia, unapiga kwenda juu. Wakikufikia, umekwisha. Yeyo huwaita nyumbu, kwa sababu hivyo ndivyo nyumbu walivyokuwa wakivuka mbuga zetu kabla hazijajaa nyua za mawe: kundi zima, vichwa chini, bila haraka na bila kumwogopa mtu.

Nina mbinu zangu. Kwa kuwa sikuwahi kuwa na wa kumweleza, vumilia kidogo. Mgeni wa mchezo huu hupiga katikati, palipo wengi, akifurahia vile wanavyoanguka. Makosa. Anza na wa pembeni. Kundi likiwa jembamba linachukua muda mrefu kufika ukingoni, na kwa kuwa hushuka ukingoni tu, umejinunulia muda. Pili, usiwe na pupa. Risasi huwa moja tu hewani. Ukikosa, itabidi usubiri ipotelee juu ndipo upate nyingine, na wakati huo wote umesimama mikono mitupu kama mgeni aliyesahau zawadi. Kisha kuna vile vijikuta vinavyokukinga. Toboa ufa mwembamba kwenye kuta zako mwenyewe, ujifiche nyuma yake, upige kupitia pale. Inauma kubomoa chako, lakini huo ufa ndio utakaokuokoa. Macho yasikae kwenye chombo chako. Chako unakijua kilipo. Tazama kinachoshuka.

La mwisho bado linanishinda. Kadiri wanavyopungua ndivyo wanavyoongeza mbio, na yule wa mwisho hukimbia kama mbuzi aliyenusa fisi. Ukimlenga alipo, umechelewa. Lazima upige pale ambapo hajafika, umngoje aje. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mambo ambayo hayajafika nimeyapiga risasi maisha yangu yote, lakini huyo humkosa.

Mwaka huu kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kilianza kutetemeka. Nilikuwa nimetoka tu kwenye mashine, nimekaa mezani kwa Yeyo, mkono juu ya paja. Nikakiona kinaruka kidogo, chenyewe, kama kitu kilicho hai chini ya ngozi. Nilipoinua kikombe cha chai, kijiko kililia kwenye sahani. Nikauficha mkono chini ya meza, mambo yakaanzia hapo.

Baba yangu alilima vitunguu Loitokitok, kwa maji ya mfereji. Mkulima wa vitunguu hujua kama mavuno yamekauka kwa kuisugua shingo ya kitunguu kati ya kidole gumba na cha shahada. Shingo ikiwa bado laini, kitunguu kitaozea ghalani. Alifanya hivyo tangu sijazaliwa. Kwa hiyo kidole chake kilipoanza kujisugua chenyewe, amekaa tu, hana kitunguu mkononi, sote tuliona ni mazoea ya kazi. Mama alimtania kwamba anakausha mavuno hata kanisani. Tulicheka msimu baada ya msimu, na yeye alicheka nasi. Tulipoelewa kwamba ni ule ugonjwa wa kutetemeka, unaoanzia kidoleni na kumchukua mtu mzima mzima, alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati. Miaka yake ya mwisho kijiko nilikishika mimi.

Kwa hivyo sikuhitaji kuelezwa. Kila asubuhi kabla sijafungua macho nilikuwa tayari nakisikiliza kidole, kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza. Nilijipima kwa kila kitu: funguo, sindano, kalamu. Mume wangu ni mpima ardhi, mtu anayeona jiwe la mpaka likisogea kwa upana wa kiganja. Hakuchukua muda kuuona mkono. Aliniambia nijiandae, tunaenda Kajiado.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mtaratibu. Mume wangu aliingia nami, akakaa kwenye kiti cha pembeni na kofia magotini, kwa sababu kwetu mgonjwa haingii peke yake; jamaa lazima asikie, asije mgonjwa akasema ameambiwa vingine. Sikulifikiria hilo mpaka maswali yalipoanza.

Aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilitetemeka yote. Akanitembeza chumbani, akanizungusha viwiko, akaniuliza juu ya baba. Halafu akauliza kazi ya mikono yangu. Nikasema naandika. Kuna mashine yoyote ninayotumia, cherehani, michezo ya kompyuta, kitu cha kubonyezabonyeza? Upande wa jicho niliiona ile kofia. Nikakumbuka makala yangu, ambayo mume wangu aliikata na kuitundika ofisini kwake.

"Hapana," nikasema.

"Na hicho kidole, ulikiona lini kikitetemeka mara ya kwanza? Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nimekaa tu."

Akaweka kalamu chini. "Umekaa tu? Mkono umelala?"

"Umelala."

Haukuwa uongo kamili. Nilikuwa nimekaa kweli, na mkono ulikuwa umelala. Nilichobakisha ni kwamba ulilala baada ya kupiga nyumbu alasiri nzima. Lakini niliona uso wa yule binti ulivyobadilika, nikajua nimefungua mlango ambao ningetaka ubaki umefungwa. Alitueleza kwa upole. Kuna tezi hapa shingoni. Ikifanya kazi kupita kiasi, mikono hutetemeka, moyo hukimbia, mtu hukonda, na hiyo ina dawa. Atatoa damu, itapelekwa Nairobi kupimwa, atanipigia simu. Damu ikiwa safi, basi, kwa vile mkono unatetemeka hata ukipumzika na kwa vile baba alikuwa nao, itabidi tuzungumze juu ya ule mwingine. Akaniambia nihesabu kwa siku unatetemeka mara ngapi.

Njiani kurudi mume wangu aliongea juu ya bei ya nyasi tu. Mimi nilikuwa nimeanza maombi ya ajabu. Watu huomba damu iwe safi. Mimi niliomba iwe chafu. Niliiomba tezi yangu iwe imeharibika kabisa, bila huruma, na kila nilipopanda ngazi na moyo ukaenda mbio nilishukuru. Kikundi cha akina mama kilifunga na kuomba kwa ajili yangu, kwamba vipimo visionyeshe kitu. Nilitamani kuwaambia waache haraka.

Nilirudi Kisaju. Nilijiambia nakwenda kupima mkono, lakini kwa kweli nilikwenda kupiga ramli. Nikimaliza kundi lote, ni tezi. Nikishindwa, ni ule ugonjwa wa baba. Ukicheza hivyo huwezi kushinda. Nilisahau wa pembeni, nikapiga kwa pupa, nikatazama mkono wangu badala ya skrini.

"Mwalimu," Yeyo akasema nyuma yangu, anafuta meza, "leo ni wewe unafukuza nyumbu ama ni wao?"

Nikamwambia habari ya daktari. Nikamwomba anisaidie kuuhesabu mkono, maana mimi nikiutazama unazidi.

"Hiyo hapana. Hata ng'ombe zangu mwenyewe sihesabu. Ukihesabu kitu unaiitia mabaya."

Sikubishana. Mama yangu naye, akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu kwamba ni wale aliopewa na Mungu. Nina shahada mbili, na tangu tutoke Kajiado sikuwa nimeuhesabu huo mkono hata mara moja.

Siku moja nilikuwa nimebaki na nyumbu wachache, wanashuka kwa kasi, niliposikia mtu amesimama nyuma yangu na hanawi mikono. Nilijua kwa harufu ya ile kofia. Sikugeuka. Chombo changu kilipigwa, skrini ikawa nyeusi, nikamwona ndani yake.

Alivuta kiti. Aliitazama mashine, na Yeyo, ambaye kwa kawaida hana haya na mtu, akakumbuka kazi jikoni.

"Kumbe ni hii," mume wangu akasema.

"Umejuaje niko hapa?"

"Daktari alisema mkono uangaliwe. Nimeangalia. Siku unatetemeka sana ni zile siku unaenda kununua maziwa Kisaju." Akavua kofia. "Mimi nilidhani ni mwanaume."

"Mwanaume wa Kisaju?"

"Nimekuja na rungu kwa gari."

Nilicheka, halafu nikaona hacheki nami. Uso wake ulikuwa umelegea, wa mtu aliyebeba kitu peke yake kwa majuma.

"Mama Watoto, ulimwambia daktari mkono umelala. Mimi nimekuwa nikikuangalia usiku ukilala, nangoja hicho kidole kianze kama cha mzee. Ulikuwa umetoka kwa hii sanduku?"

"Nilikuwa nimetoka."

"Sasa mwandikie. Hapa hapa, nikiona."

Nikaandika ujumbe, vidole vinaruka kwenye simu: kwamba nacheza, kwamba mkono ulikuwa umechoka, kwamba nilidanganya kwa aibu. Jibu lilikuja kabla hatujamaliza nyama. Ameshukuru, jambo hilo litasaidia, lakini tungoje damu. Mume wangu alilisoma, akalisoma tena, akitafuta kitu ambacho hakikuandikwa.

Niliacha mashine. Kidole kilitulia, kikakaribia kutulia kabisa, na hapo ndipo hofu ilipozidi, kwa sababu kikombe bado kililia kwenye sahani. Baba naye alikuwa na siku zake nzuri. Mume wangu alianza kunipa chai kwenye kikombe kikubwa cha plastiki, kisicholia, bila kusema kwa nini. Tuliongea juu ya kuku.

Simu ilikuja asubuhi boza la maji likiwa uani, linajaza tangi letu baada ya majuma makavu, injini ya pampu inanguruma. Mume wangu alikuwa ameushika mpira juu ya tangi. Nikaiona namba ya Kajiado, nikakimbilia nyuma ya banda la kuku na kuziba sikio moja.

"Mama, damu imerudi," daktari akasema. "Pole, lakini si nzuri. Hiyo tezi inafanya kazi kupita kiasi, tena sana."

Nikaliegemea banda.

"Mama, uko?"

"Niko. Umesema si nzuri?"

"Si nzuri kabisa."

"Asante, Daktari. Asante sana. Mungu akubariki."

Nadhani aliona kelele za pampu zimenipotosha, kwa sababu alianza upya, polepole, kama mtu anayemweleza nyanya yake: mimi ni mgonjwa, nitahitaji dawa, pengine kwa muda mrefu, na moyo nao uangaliwe. Kutetemeka ni kwa hiyo tezi, na mashine iliuchosha mkono juu yake. Hata wasiwasi unaweza kutoka huko. Nikamwambia wasiwasi ninao tangu utotoni. Akasema dawa itatuonyesha upi ni wa tezi na upi ni wangu. Nikamuuliza juu ya ugonjwa wa baba. Niliutamka kwa jina lake, mara ya kwanza. Akasema kwa alivyonipima, na sasa kwa kuwa nimemwambia ukweli, haoni dalili yake.

Nilipotoka nyuma ya banda, mume wangu alikuwa ameuachilia mpira. Maji yalimwagika uani, maji ya kununua, na dereva wa boza akawa anamwita bila kusikilizwa. Alikuwa ananitazama usoni, kofia mkononi. Nikaiweka simu kwenye spika, nikaunyoosha mkono, ukitetemeka waziwazi, kuelekea kwake.

"Daktari," nikasema, "rudia tena, huyu naye asikie. Hiyo ya kwamba niko mgonjwa."