Nilimpelekea Mwalimu Sale Huku Nikijua Namdanganya

Nianze kwa kusema mwenye makosa ni mimi, msije mkahangaika kumtafuta mwingine. Si shetani, si ugumu wa maisha, si marehemu mke wangu aliyeniachia watoto. Ni mimi mwenyewe, mzee mzima, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na kahawa yangu huku mlimani juu ya Moshi. Jina langu halitawasaidia kitu. Nisikilizeni tu.

Nina binti anaitwa Upendo. Alikuwa na akili za hesabu mpaka walimu wake walikuwa wananisimamisha njiani kunipongeza. Akiwa kidato cha tatu akapata mimba. Aliyempa alitoroka, sitaki hata kumzungumzia. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima kabisa.

Mimi nilifanya nini? Nilinuna! Nilinuna kama mtu aliyeibiwa. Kwetu mzazi aliyejifungua anapikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, anatunzwa, anakaa ndani ananenepa. Mwanangu sikumpikia, wala sikumwita mtu aje ampikie. Mtori aliokula uliletwa na Mwalimu kwenye hotpoti, akipanda kilima na mguu wake mbovu.

Huyu Mwalimu nitamwita Mwalimu Ndeshi. Alikuwa mstaafu, mwanamke wa kwanza kijijini kwetu kwenda chuo cha ualimu, na mimi mwenyewe alinifundisha darasa la tatu. Hakuwahi kustaafu kichwani. Enzi zile binti akizaa shule inamfungia geti, yeye aliwakusanya barazani kwake, watoto wachanga wamelala kwenye mkeka, mama zao wanasoma. Watu walimcheka. Wengine walisema anafuga uhuni. Mabinti wake wakafanya mtihani kama watahiniwa binafsi, wakafaulu, na mmoja ni nesi mpaka leo.

Serikali iliporuhusu waliojifungua warudi darasani, alitembea nyumba kwa nyumba akigonga. "Binti yuko wapi? Nimemfuata." Ndiyo ilikuwa salamu yake.

Kwangu alikuja mara tatu.

Mara ya kwanza nilimwambia mtoto bado ananyonya. Mara ya pili nikamwambia hakuna wa kukata majani ya ng'ombe. Mara ya tatu akaniambia, "Baba Upendo, majani nitakukatia mimi. Sababu nyingine?"

Sababu nyingine ilikuwepo, ila sikuweza kuitamka. Nilikuwa naona aibu. Njia ya shule inapita mbele ya kanisa. Nilikuwa namwona kichwani Upendo akipita na sare, na mimi nimekaa viti vya mbele na wazee wenzangu, wote wanajua. Nilitaka asahaulike. Mwanangu wa kumzaa, nilitaka asahaulike!

Mwalimu akalipeleka jambo kwa afisa elimu wa kata. Nikaletewa barua, niitike wito siku ya Jumatatu.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho Mchagga yeyote akikisoma atashika kichwa.

Kwa msiokuwa wa huku: masale ni ile mimea yenye majani marefu tunayopanda mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa sale hakatai. Hata kama ulimwaga damu ya ndugu yake, akilipokea yamekwisha, na halisemwi tena. Ndivyo tulivyolelewa. Sale halichezewi.

Mimi nikalichezea.

Jumapili baada ya ibada nilichuma sale, nikamchukua baba yangu mdogo anisindikize, maana haliendi bila mtu mzima wa kushuhudia. Tukamkuta Mwalimu anaanika maharage uani. "Shikamoo Mwalimu," nikasema, nikalitoa kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Nikasema nimekosa, nimemzuia mtoto, nimemsumbua mama mtu mzima, Januari shule ikifungua Upendo atakuwa darasani.

Mwalimu alilitazama lile jani. Machozi yakamtoka.

"Mwanangu," akaniambia, "ulikuwa mbishi tangu darasa la tatu. Leo umekuwa mtu mzima."

Akalipokea. Pale pale akampigia simu afisa elimu: mzazi ameelewa, tumeyamaliza nyumbani, wito ufutwe. Akaingia ndani akatoka na sweta la shule alilokuwa amelifuma mwenyewe, la Upendo. Nikalipokea na kumshukuru! Ruwa wangu, Mungu wangu, mikono hii haikutetemeka hata kidogo.

Januari nilimpeleka Upendo na mtoto wake Sanya Juu, kwa dada yangu anayefanya biashara ya vitunguu sokoni. Mwalimu nikamwambia nimemhamishia shule ya huko, mbali na maneno ya watu. Akafurahi, akasema nimefikiria vizuri.

Upendo naye aliniuliza, "Baba, Mwalimu si alisema narudi shule?"

Nikamjibu, "Mwalimu amebadilisha mawazo. Anasema wewe umeshaharibika, nafasi ameona awape wenye nia."

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kwanza, nikatoka nje, nikarudi. Ndiyo. Nilimwambia hivyo. Nilitaka aache kuuliza, na kweli hakuuliza tena. Hakulia hata. Alifunga tu mzigo wake.

Uongo ukishaanza unataka kulishwa kila siku kuliko hata ng'ombe. Mwalimu akikutana na mimi, "Upendo anaendeleaje?" Anaendelea vizuri, Mwalimu. Amekuwa wa tatu darasani. Muhula uliofuata nikampandisha, akawa wa pili. Mwalimu akitaka kwenda kumwona, mara wana mitihani, mara wamefunga, mara barabara mbaya.

Siku moja kanisani, wakati wa matangazo, Mwalimu akaomba nafasi. Akasema kuna wazazi humu bado wamefungia mabinti ndani kwa sababu ya aibu, wamtazame Baba Upendo. Alikuwa mgumu, akanyenyekea, leo mwanawe ni wa pili darasani. "Baba Upendo, hebu simama wakuone."

Nikasimama. Jamani, nilisimama! Wakanipigia makofi. Wiki ile jirani yangu akamrudisha binti yake shule kwa sababu ya mfano wangu.

Miaka miwili hivi ikapita. Mwalimu mguu ukampa nafuu kidogo, akapanda gari bila kuniambia, akaenda Sanya Juu na zawadi ya mkebe mpya wa vifaa vya hesabu. Akaenda shule niliyokuwa nimemtajia. Hawamjui Upendo. Akaulizia kwa dada yangu, akaelekezwa sokoni. Akamkuta mwanangu nyuma ya fungu la vitunguu, mtoto ameketi pembeni juu ya gunia.

Nilikuja kusimuliwa na dada yangu, maana alikuwepo. Upendo alipomwona Mwalimu aligeuka upande mwingine akaendelea kupanga vitunguu. Mwalimu akamsalimia. Akamwambia, "Nisamehe mwanangu. Nimechelewa kuja."

Mnaelewa? Hakusema, baba yako alinidanganya. Alikuwa amelipokea sale langu, na kwake kupokea kulikuwa kupokea. Akabeba kosa langu, akaomba yeye msamaha.

Upendo akamjibu, "Mama, kama hununui, nipishe wateja." Hata shikamoo hakumpa.

Mwalimu akauweka ule mkebe juu ya gunia karibu na mtoto, akaondoka.

Kesho yake akaniita. Nilikwenda. Nilitegemea matusi, afisa elimu, polisi, kutangazwa kanisani. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha uvivu, amejifunika shuka, jua lote lile.

"Baba Upendo," akasema, "sale lako ninalo, nimeliweka kwenye Biblia. Kwa hiyo mimi sina neno."

Nikaanza kujieleza. Akanyoosha mkono ninyamaze.

"Nataka kitu kimoja tu. Mwanao anafikiri mimi nilimkataa. Nenda umwambie ukweli kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia. Nikimwambia mimi, atakuwa amepoteza baba. Ukimwambia wewe, huenda akabaki naye."

Nikasema nitakwenda Jumamosi.

Jumamosi nikawa na kahawa ya kuchuma. Iliyofuata kulikuwa na harusi. Halafu ng'ombe akazaa. Halafu nikajiambia nimwache kwanza apate utulivu. Utulivu wa nini, mjinga mimi?

Habari za Sanya Juu hazikukaa. Dada yangu ana mdomo. Na waliokuwa wanasubiri sababu wakaipata. "Huyo Mwalimu wenu mfano wake anauza vitunguu!" Yule jirani yangu akamtoa tena binti yake shule. Nilimsikia akisema getini kwake, "Hata mzee wa kanisa alikuwa anaigiza, mimi ni nani?" Mwalimu alikwenda kumgongea, hakufunguliwa. Alipita nyumba nyingine, akaambiwa binti hayupo, na binti anaonekana dirishani. Watu waliomheshimu kwa miaka yote ile wakawa wanacheka akipita. Na hata siku moja hakunitaja. Walimcheka yeye kwa uongo wangu, akanyamaza.

Akaacha kupita majumbani. Akaacha kuomba nafasi wakati wa matangazo. Baridi ya mwezi wa saba ikamkuta dhaifu, kifua kikambana, akalazwa mjini. Nilikwenda kumwona mara moja. Hakuwa na nguvu ya kusema mengi. Aliniuliza neno moja tu, "Umekwenda?"

Nikamjibu, "Nimekwenda, Mwalimu."

Nilimdanganya tena! Anakufa, na mimi namdanganya! Akatabasamu, akafumba macho akapumzika. Siku ya tatu akafariki.

Msibani dada yangu alikuja kusaidia kupika, akaja na Upendo. Nilimwona akiosha masufuria nyuma ya nyumba, amekuwa mtu mzima, uso umekauka. Tulipomaliza kuzika nilichuma sale pale pale mpakani mwa kihamba cha Mwalimu. Nikamfuata mwanangu, nikapiga magoti mbele ya wanawake wote waliokuwa pale, nikamwambia yote. Yote, na la hospitali pia.

Upendo alisimama na sufuria mkononi.

"Kwa hiyo hakunikataa."

"Hakukukataa, mwanangu."

"Alikuja sokoni akaniomba msamaha." Akawa anasema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu. "Yeye. Akaniomba mimi. Nikamfukuza."

Nikamnyooshea sale. Wanawake wakawa wanatutazama. Alilichukua, akalishika kwa ncha za vidole.

"Nimelipokea, baba, kwa sababu halikataliwi. Hata Mwalimu alilipokea."

Nikamshika mkono, nikamwambia bado hajachelewa, arudi asome, mtoto nitamlea mimi, nitauza hata ng'ombe. Akautoa mkono wake polepole.

"Nilikaa miaka nikimsubiri mtu mmoja aje anifuate. Alipokuja nikamfukuza. Sasa hivi nani atanifuata?"

Akarudi kwenye masufuria yake. Jioni kabla jua halijazama wakapanda gari na dada yangu.

Hanichukii, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikipiga simu anapokea, "Shikamoo baba," anajibu ninachouliza, anakata. Nikitaja shule anasema wateja wamekuja. Watu wa soko la Sanya Juu wananiambia wakikwama hesabu wanamwita yeye, anazipiga kichwani bila kalamu.

Sasa wewe baba unayesoma hapa, wewe mwenye heshima zako. Kama kuna binti umemficha ndani kwa sababu unaogopa macho ya watu, mtoe. Usisubiri wito wa ofisini. Na usithubutu kuomba msamaha ili usumbufu uishe, maana utasamehewa kweli, halafu utabaki na msamaha mkononi na huna pa kuupeleka.

Na kama ulishamdanganya mwanao, nenda ukamwambie. Mwalimu alinipa miezi minane niseme sentensi moja. Sanya Juu ni safari ya asubuhi tu, unakwenda na kurudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni. Sikwenda.