Sarafu Iliyokwisha Kupinda

Yule mpinda sarafu hufika Kisorya mapema, kabla foleni ya kivuko haijajaa, akaketi kwenye benchi langu la chai na kupangusa vidole vyake kimoja kimoja kwa leso. Ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka ana sarafu za mia mbili alizozipinda nyumbani kwake kwa kuzibana kwenye jiliwa la fundi chuma, kila moja ameizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli isipate mikwaruzo. Najua kwa sababu kopo lilimponyoka siku moja likamwagika miguuni pangu, tukaziokota wote wawili. Mchezo wenyewe ni kuibadilisha sarafu yako kwa mojawapo ya zile, kukuwekea kiganjani, kukufumba vidole, kisha kuushika mkono wako kwa mikono yake miwili. Hapo ndipo watu humkimbia. "Mimi usinishikage," wanawake humwambia, mikono wameificha ndani ya vitenge. Wanadhani ni uchawi.

Jana kivuko kilichelewa, na hakuna hata mmoja aliyekubali. Nikampa sarafu yangu mimi. Nilimwona kabisa alivyobadilisha. Akanifumba vidole, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya mtu anayeamsha mgonjwa, "Inapinda pole pole, mama. Unaisikia?" Ukingo wa sarafu ulishaanza kunichoma kiganjani.

"Bado," nikasema.

Akaendelea kushika. Kivuko kilipopiga honi, akaniuliza tena. Nikamwambia bado.