Nilibandika Uhuru Mulangoni, Nikabaki Peke Yangu

Jamani, mi ndo mukosaji, musitafute mutu mwingine. Jina sitaji. Mutaa wetu wote wa Mbugangari, hapa mupakani, utanicheka, na mi bado nashona nguo zao.

Mama yangu ni Muislamu, kama mimi. Bibi yangu, yani muke wangu, ni Mukatoliki. Ramadhani, bibi ndiye anapikia mama futari. Jumapili, mama ndiye anamuamusha bibi: "We binti, amuka, misa haikungoji!" Tuliishi muzuri kabisa.

Bon. Ramadhani hii, muteja akasahau kitabu kwenye mashini yangu ya kushona. Hadithi ya kisiwa fulani: watu hawagombani, kila mutu na dini yake, hakuna anayeingilia ibada ya mwenzake. Ayii! Kufika katikati tu, nikaandika sheria, nikabandika mulangoni: NYUMBA HII IKO HURU. USIGUSE DINI YA MWENZAKO.

Bibi akasoma, akaniangalia. "Donc nisimupikie mama futari?"

"Ana uhuru wa kujipikia," nikajibu, mi mujinga!

"Na mama asiniamushe?"

"Una uhuru wa kuamuka!"

Jumapili bibi akalala mpaka misa ikaisha, na siku ile ndo alikuwa aimbe peke yake mbele ya kwaya. Alilia sana. Mama alimuona amelala, akaogopa sheria yangu. Jioni adhana ikalia, jikoni iko baridi. Mama, na magoti yake mabovu, akafuturu na maji. Nikamwambia, "Pole mama, lakini uko huru." Mana we! Mudomo huu!

Kesho yake wakafunga mizigo, wote wawili, wakavuka mupaka wameshikana mikono mpaka kwa mama mudogo, Goma. Hata kunigombeza hawakunigombeza. Hiyo iliniuma zaidi.

Idi nimekula mukate na chai. Hakuna aliyenigusia dini, hakuna aliyeniletea hata pilau. Ndo nikamaliza kitabu. Kumbe mwishoni mutu aliyetunga ile sheria ya kisiwa anafukuzwa, anapandishwa kwenye mutumbwi, kisiwa kizima kinamupungia mukono!

Nikabandua karatasi. Nikapiga simu, naomba musamaha huku nalia.

"Bibi yako iko misa, nimemuamusha mwenyewe," mama akasema. "Tutarudi, mwanangu. Lini, sijui. Una uhuru wa kungoja."

Ndugu zangu, kitabu musome mpaka mwisho. Na mutu akipika futari na yeye hata hafungi, we kula, unyamaze.